Kelele Bila Rekodi Ni Upepo: Tutumie Simu Zetu Mpaka Serikali Itujibu

(Maneno ya mazungumzo na vijana wa Mukuru kwa Njenga. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya aliyekosa kufika.)



Asanteni kwa kufika. Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, dukani ama umejilaza baada ya kibarua, karibu pia. Mada ya leo iko mkononi mwako saa hii: simu. Nataka tuongee vile inaweza kutusaidia kufanya kazi na serikali, kaunti na taifa, ili tusibaki watu wa kulalamika kila siku huku mtaa unabaki vile vile.

Nianze na swali. Chukua yale yote uliyoandika mtandaoni mwaka huu kuhusu maji, taka, stima, barabara, kanjo na polisi. Status zote, maoni yote chini ya posti za wanasiasa. Ni mangapi yalijibiwa na mtu mwenye jina na cheo, kwa tarehe unayoweza kuitaja? Fikiria kidogo. Wengi wetu jibu ni sufuri. Si ati hatuna sauti. Sauti tunayo, na kubwa. Shida ni kwamba inapita kama upepo, na hakuna ofisi inayolazimika kuishika.

Hilo ndilo neno langu la leo, na kama utasahau mengine yote, beba hili: mtandao unaleta ushirikiano na serikali pale tu ambapo jibu linadaiwa, linangojewa na linawekwa hadharani.

Sisi si wageni katika hii kazi

Wengine wanadhani haya mambo ya mtandao na serikali yametoka Ulaya. Hapana. Nairobi imefundisha dunia.

Januari 2008, nchi ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi, watu wachache wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: mtu aliyeona tukio anatuma ripoti kwa mtandao ama kwa SMS, na ripoti inawekwa kwenye ramani ili kila mtu aone ni wapi na lini. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipopiga Haiti mwaka 2010, watu walitumia programu hiyo hiyo kukusanya ripoti za waliohitaji msaada. Kitu cha hapa kwetu kikasaidia ng'ambo ya bahari.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakazunguka vichochoro wakaichora Kibera kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuiongeza. Kabla ya hapo, ukiangalia ramani ya Nairobi mtandaoni, Kibera ilionekana kama pahali patupu. Maelfu ya watu, shule, misikiti, makanisa, vyoo, zahanati, vyote havionekani. Na kitu ambacho hakiko kwenye ramani, ni rahisi sana afisa kusema hakipo.

Kisha Julai 2011 serikali yenyewe, chini ya Rais Kibaki, ikafungua tovuti ya data za umma: matumizi ya pesa, shule, afya, sensa. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini ebu angalia tofauti. Kule Ushahidi na Kibera, mwananchi ndiye aliyeandika. Kwa ile tovuti, serikali iliandika, mwananchi akasoma. Ukiona takwimu ya mtaa wako si kweli, hapakuwa na mtu wa upande wa pili anayekungoja umwambie. Ule ulikuwa ubao wa matangazo. Ushirikiano ni barabara ya kwenda na kurudi.

Mwaka 2024 ulitufundisha nini

Nyote mnakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha, kitabu kizima cha lugha ya mawakili, vijana waliupasua vipande vipande. Wengine wakaueleza kwa TikTok, wengine kwa lugha za nyumbani, wengine kwa lugha ya ishara. Kuna waliotengeneza programu ya akili bandia ambayo unaiuliza swali kuhusu mswada nayo inakujibu. Nambari za simu za wabunge zikasambazwa na jumbe zikamiminika. Juni 25 Bunge likaupitisha hata hivyo, watu wakaingia Bunge, damu ikamwagika. Juni 26 Rais akakataa kuutia saini. Julai 5 akaja kwenye Space ya X, akaulizwa maswali na vijana moja kwa moja, nchi nzima ikisikiliza.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliopoteza maisha. Sitaki kuongea juu yao kama takwimu.

Lakini tujiulize kwa utulivu: baada ya Space kuisha, ni nani alikuwa na orodha ya yale yaliyoahidiwa? Nani alimpelekea mhusika orodha ile na tarehe ya kujibu? Sauti ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, ila utaratibu wa kuifuatilia ulikuwa mdogo.

Na kuna jambo la mahakamani ambalo vijana wengi hawakulifuata, nalo ni kubwa. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023. Ikasema Bunge likisikiliza maoni ya wananchi, lina wajibu wa kutoa sababu kwa nini limeyakubali ama limeyakataa. Tukafurahi. Oktoba 29 mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Kwa sheria ilivyo, Bunge halilazimiki kutoa sababu hizo.

Umeelewa maana yake? Unaweza kutoka Njenga asubuhi, ulipe nauli, ukae kwa foleni ya ushirikishaji wa umma, useme maneno ya hekima kabisa, yaandikwe, na hakuna anayelazimishwa na sheria kukuambia yaliishia wapi. Mlango wa kusema uko wazi, wa kujibiwa umefungwa nusu. Kwa hivyo lazima tutafute mlango mwingine wa jibu. Upo, na nitaufikia.

Kabla ya hapo, kisa cha mwaka uliofuata. Rose Njeri, msanidi wa programu, alitengeneza ukurasa mdogo kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025. Unafungua, unasoma vifungu vyenye shida, unabonyeza kitufe, na barua pepe ya kupinga inaenda kwa kamati ya Bunge. Basi. Hiyo ndiyo hatia. Alikamatwa Mei 30, 2025 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, ati ameingilia mfumo wa kompyuta. Juni 20 hakimu akatupa mashtaka hayo, akisema hayaonyeshi kosa lolote.

Mimi nachukua mafunzo mawili hapo. La kwanza, kutuma maoni kwa Bunge, hata kwa wingi, si uhalifu. La pili, kitufe kimoja cha barua pepe kiliwatikisa kuliko matusi elfu moja ya Facebook. Kwa nini? Manake barua pepe inaingia kwa ofisi. Inabaki pale. Ina tarehe. Ni rekodi.

Hapa kwetu: mtaa uliohesabiwa, kisha ukabomolewa

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Mukuru ina somo lake ambalo halipatikani mahali pengine.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa Eneo Maalum la Upangaji. Haikutokea bure. Muungano wa Wanavijiji na washirika wao walikuwa wamekusanya ushahidi kwa miaka: familia ngapi, vyoo vingapi, maji yanauzwa bei gani, nani anadai ardhi ipi. Ilionekana wazi kwamba mtu wa Mukuru analipa zaidi kwa maji ya mtungi kuliko mtu wa estate analipa kwa maji ya bomba, na maji yenyewe ni machafu zaidi. Yule maskini ndiye anatozwa zaidi. Sisi tulikuwa tunajua, lakini sasa ilikuwa imeandikwa kwa nambari, na afisa hawezi kubishana na nambari kwa urahisi.

Upangaji ule ulihusu zaidi ya familia 100,000. Watu walipangwa kwa makundi madogo ya nyumba jirani, kisha makundi makubwa zaidi, ili maoni yapande kutoka mlangoni hadi mezani kwa wataalamu. Vijana wa mtaa walizunguka na simu na GPS. Mwaka 2020 kazi ikaanza kuonekana: barabara, maji, laini za maji taka. Huo ndio ushirikiano wenyewe, serikali na wananchi wakitumia data moja.

Halafu mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yakaingia kwa Njenga. Sababu iliyotolewa ilikuwa kufungua barabara, na nyuma yake kulikuwa na mvutano wa zamani wa ardhi. Makumi ya maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao. Watu wale wale waliohesabiwa. Nyumba zile zile zilizochorwa.

Wengine walikata tamaa hapo, wakasema data ni kazi bure. Mimi nasoma tofauti. Data ilituwezesha kuingia kwenye mpango. Kilichokosekana ni macho ya kila siku juu ya mpango huo: mtu wa kuuliza kila mwezi barabara gani inapita wapi, ofisi gani imeidhinisha, nani analindwa na nani hayumo. Ramani ni picha ya siku moja. Ulinzi wa mtaa unataka maswali yasiyokoma. Na maswali hayo ndiyo simu inaweza kuyabeba kwa bei ya bando ya shilingi ishirini.

Mfumo usiotusikiliza ni hatari pia

Kuna upande mwingine wa shilingi, na sisi Waislamu wa nchi hii tunaufahamu vizuri. Serikali inaweza kupenda mtandao sana lakini isipende mazungumzo. Mwaka 2019 watu walipanga foleni kujiandikisha Huduma Namba. Kwa familia ambazo kijana wao amezungushwa miaka kwa ajili ya kitambulisho, ikawa wasiwasi juu ya wasiwasi: mfumo mpya umejengwa juu ya kitambulisho ambacho huna, kwa hivyo utafungiwa nje mara ya pili.

Nubian Rights Forum wakaenda mahakamani pamoja na mashirika mengine ya haki. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango hauwezi kuendelea mpaka kuwe na sheria kamili ya kulinda data na kuhakikisha watu hawafungiwi nje, na ikakataza kukusanya DNA na alama za GPS za makazi ya watu. Jamii ndogo ya Kibera iliuliza swali kwa njia sahihi, na nchi nzima ikafaidika na jibu.

Kwa hivyo tukisikia huduma fulani imehamishiwa mtandaoni, tusishangilie mara moja, na tusipinge mara moja. Tuulize: mimi naandika wapi? Nikikosewa namwambia nani? Atanijibu lini?

Kujadiliana bila kutukanana

Kuna wasee walikwama pale tulipokwama sisi, wakapata njia. Taiwan, Machi 2014, wanafunzi walilivamia Bunge lao wakipinga mkataba wa biashara na Uchina. Baada ya hapo serikali ikashirikiana na wataalamu wa kompyuta wa kujitolea wakaanzisha vTaiwan, utaratibu wa kujadili sheria mtandaoni. Walitumia programu inayoitwa Polis, na siri yake ni ndogo lakini ina akili: huwezi kumjibu mtu. Unaandika kauli yako fupi, wengine wanabonyeza nakubali, sikubali, ama napita. Hakuna kitufe cha kurudisha matusi. Kompyuta inaonyesha makundi ya maoni na, muhimu zaidi, inaonyesha kauli ambazo hata makundi yanayopingana yanakubaliana nazo.

Mwaka 2015 waliitumia kwa suala la Uber, wakati madereva wa teksi na watumiaji wa programu walikuwa wanavutana. Wakapata mambo ambayo pande zote zinakubali, kama bima na usajili, na hayo yakaingia kwenye kanuni za serikali.

Sasa linganisha na kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Mtu anauliza kuhusu maji saa mbili usiku. Kufika saa tatu ni siasa za MCA. Saa nne ni kabila. Saa tano admini amefunga kundi. Hatuhitaji mtambo wa Taiwan. Tunaweza kuchukua adabu yake: kauli fupi, kura ya WhatsApp ya nakubali ama sikubali, na tunaenda ofisini na yale tunayokubaliana. Mwenye nyumba na mpangaji watagombana juu ya kodi, lakini wote wawili wanataka mtaro uzibuliwe. Anza na mtaro.

Na tusijifanye hili ni geni. Neno shura tumelisikia tangu madrasa. Mashauriano ni amana, na anayeshauriana na watu anapaswa kuwarudishia neno.

Mlango wa jibu uko wapi

Nilisema nitafika hapa. Fungua masikio.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeipa haki hiyo meno. Yashike haya:

- Unaandika ombi kwa Kiswahili ama Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumsaidia kuliandika.
- Hulazimishwi kueleza kwa nini unaitaka habari.
- Kupeleka ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu.
- Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza muda mara moja, siku zisizozidi 14. Ikiwa ni jambo la uhai ama uhuru wa mtu, ni saa 48.
- Ukikosea ofisi, hawaruhusiwi kukwambia tu "si hapa". Wanatakiwa kulihamishia ofisi husika ndani ya siku 5.
- Wakikataa ama wakinyamaza, unakata rufaa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kaunti ina wajibu wa kujibu malalamiko na maombi ya wananchi kwa haraka.

Ona basi: ukitoa maoni unaweza kupuuzwa, lakini ukiuliza swali la habari kwa maandishi, saa inaanza kuhesabu. Kwa hivyo tugeuze malalamiko yawe maswali. "Serikali imetusahau" halina jibu. "Shilingi ngapi zilitengewa maji katika wadi ya Kwa Njenga, na ngapi zimelipwa?" lina jibu, na asiyejibu amevunja sheria.

Barua yenyewe ni fupi. Nakili hii, ubadilishe inavyokufaa:

*Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mimi raia wa Kenya naomba: (1) orodha ya miradi ya maji iliyotengewa pesa katika wadi ya Kwa Njenga mwaka huu wa fedha, (2) kiasi kilichotengwa na kiasi kilicholipwa kwa kila mradi, (3) jina la mkandarasi na tarehe ya kukamilisha. Naomba kutumiwa majibu kwa barua pepe hii ndani ya siku 21.*

Tuma, piga skrinishoti, andika tarehe.

Saa sahihi

Ushahidi mzuri ukifika wakati pesa zimeshagawanywa, ni kama kufika harusini sahani zikioshwa. Mwaka wa pesa wa kaunti una kalenda yake kisheria. Kufikia Septemba 1, kaunti inapeleka kwa bunge la kaunti mpango wake wa maendeleo wa mwaka. Kufikia Februari 28, taarifa ya mikakati ya fedha, yaani sekta gani itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Juni 30 mwaka unafungwa.

Wengi wetu tunaamka Juni, wakati mjadala wa Mswada wa Fedha umechemka. Kwa mambo ya mtaa, Juni umechelewa. Taa ya mulika mwizi unayoitaka karibu na msikiti, iingize kwenye mjadala wa Agosti na wa Februari. Na kila robo mwaka Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti ya vile kaunti zimetumia pesa. Iko mtandaoni, bure. Mtu mmoja kati yetu aipakue, asome sehemu ya Nairobi, atufupishie kwa sauti ya dakika mbili.

Tugawane kazi

Mtu mmoja atachoka. Watu watano hawachoki. Hivi ndivyo napendekeza kwa kila eneo, iwe Vietnam, Sisal, Wape Wape ama Riara:

Wawili wakusanye. Tumia fomu ya bure kama KoboToolbox, ambayo inajaza bila bando na kutuma baadaye ukipata mtandao. Maswali matano tu: maji yalitoka siku gani, mtungi uliuzwa bei gani, mtaro umeziba wapi, taa ipi imezima, tangu lini. Picha moja, mahali, tarehe. Majuma manne ya rekodi kama hiyo yana nguvu kuliko mwaka mzima wa hasira.

Mmoja aandike barua na kufuatilia siku 21.

Mmoja arudishe majibu kwa watu: kwa kundi, kwa karatasi ukutani pale dukani, kwa baraza la chifu. Hata jibu likiwa baya. Hata kukiwa kimya, tangaza kimya hicho: "Leo ni siku ya 22, ofisi haijajibu."

Mmoja awe daraja kwa wasio na simu janja. Mama anayeuza maji ana kabambe, lakini anajua habari za bomba kuliko sisi sote. Mzee haingii WhatsApp. Ukikusanya maoni kwa simu janja peke yake, utakuwa umewauliza vijana wenye bando, kisha ukasema umeuliza Mukuru. Huo ni uongo hata kama hukukusudia. Piga hodi, uliza kwa mdomo, jaza wewe.

Tujilinde na tulinde wenzetu

Desemba 2024 kuna vijana walitekwa baada ya kuweka picha za kumkejeli Rais mtandaoni, wakarudi Januari. Hofu si ujinga. Kwa hivyo tuwe na adabu ya kazi. Usikusanye nambari za vitambulisho. Huzihitaji kujua mtaro umeziba, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana wewe pia. Usiweke hadharani jina la aliyeripoti makateli wa maji. Usipige picha ya mlango wa mtu bila idhini. Kitu ambacho huna hakika nacho, usikisambaze. Uongo mmoja tu na ofisi itapata sababu ya kutupa kweli zako zote tisini na tisa.

Na tusiache kabisa kupaza sauti. Kuna siku kelele inahitajika, na Katiba kwenye Kifungu cha 37 inakuruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani. Ila kelele yenye faili nyuma yake ni kitu kingine kabisa. Ukisimama mbele ya MCA na kusema "tuliuliza tarehe hii, sheria ilisema mtujibu tarehe hii, hamkujibu, na hizi hapa ripoti za majuma manne", hana pa kujificha. Na tuseme haki: kuna maafisa wazuri ndani ya ofisi hizo ambao wanangoja tu kitu cha maandishi ili wapiganie mtaa wetu kwenye mkutano. Wape hicho kitu.

Kabla ya Ijumaa ijayo, naomba mambo matatu. Chagua tatizo moja pekee la eneo lako. Tafuta wenzako wanne. Andika barua moja, utume, na uweke tarehe chini ya posti hii ili sote tuhesabu pamoja hadi siku ya 21. Barua kumi kutoka Njenga kwa mwezi mmoja, zote zikihesabiwa hadharani, zitafanya ofisi ijifunze jina la huu mtaa kwa sababu nzuri.

Allah atufanyie wepesi na azitie baraka juhudi zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.